Moshi wa bluu na mstari wa pili

Kijana wa bodaboda alinikuta kwenye kipilefti cha YMCA, akagonga kioo cha gari langu kwa kifundo cha kidole. Nikajua nimemchomekea. Nikashusha kioo, samahani ikiwa tayari mdomoni.

"Mangi, gari inafuka huko nyuma. Bluu kabisa."

Kabla sijamjibu alikuwa ameshaingia barabarani na abiria wake, mama mmoja aliyepakata ndoo ya maparachichi. Nikakanyaga mafuta, nikatupia jicho kioo cha juu. Kweli. Utando wa rangi ya ubani ulikuwa umetanda nyuma yangu, na dereva wa Hiace aliyenifuata alikuwa anapandisha kioo chake kwa hasira. Kisha harufu ikanifikia: kikaango kilichosahauliwa jikoni.

Sisi wa mji huu wa Moshi tumezoea utani wa jina lake. Siku ile haukunichekesha.

Hii ni wiki ya tisa sasa. Moshi wenyewe haunisumbui tena kama mwanzo. Kinachonirudia usiku ni swali nililoulizwa gereji kesho yake, na jibu nililolitoa.

## Chupa ya maji

Fundi wangu yuko Majengo, chini ya mwembe ambao matawi yake ya chini yametundikwa mikanda ya feni iliyokatika. Hakutaka niwashe gari. Alifungua boneti, akachomoa kipimio cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena na kukiinua kwenye mwanga.

Kikavu. Kama kijiti cha mshikaki ambacho hakijaona nyama.

"Mangi, hiki mara ya mwisho umekichomoa lini?"

"Mwezi uliopita," nikasema.

Ulikuwa uongo, na nadhani aliujua, maana hakuuliza tena. Sikuwahi kukichomoa. Tangu niinunue Toyota IST hii mwaka 2018 nimeiosha kila Jumamosi, nimebadilisha vitambaa vya viti mara mbili, nimeweka redio yenye skrini ambayo watoto wanaijua kuliko mimi. Kile kijipete cha kipimio nilikuwa nakiona kila boneti ilipofunguliwa. Niliamini ni cha fundi, kama vile kipimo cha presha kilivyo cha daktari.

Fundi akasukuma chini ya gari dumu lililokatwa ubavu, akalegeza nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ikatoka nyeusi tii, ikatiririka, ikakata kabla mtu hajamaliza Baba Yetu moja. Akachukua chupa tupu ya maji, ya lita moja na nusu, akaimiminia humo ili nione kwa macho yangu. Chupa ikajaa, na kwenye dumu ikabaki ya kujaza kikombe cha kahawa, vile vidogo vya barazani.

Injini hii ikibadilishwa oili pamoja na filta inataka lita 3.7.

Zaidi ya nusu haikuwepo, na pale ninapoegesha nyumbani hakuna hata tone. Hiyo ndiyo hoja niliyoitegemea miaka yote: gari langu halivuji. Ni kweli halikuvuja. Lilikuwa linakunywa.

## Sekunde moja

"Mbona taa haikuwaka?" nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Fundi akacheka kidogo, si kwa dharau. Ile taa nyekundu yenye picha ya birika tunaidhani ni ndugu wa geji ya petroli, kwamba oili ikipungua itatuambia. Kwenye magari mengi kama langu haipimi kiasi cha oili hata kidogo. Inapima presha. Chini kwenye sampu kuna chujio, pampu inavuta oili kupitia hapo na kuisukuma juu kwenye krenki inayozungushwa na pistoni, kwenye kamshafti inayofungua valvu na kila penye kusuguana. Ilimradi chujio limezama, presha ipo na taa imezima, hata kama umebakiwa na nusu.

"Ikiwaka ikatulia," alisema, "ujue chuma kimeshaanza kusalimiana na chuma."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema.

Maana taa iliwaka. Iliwaka mara tatu, zote kwenye kona za kushuka kutoka Kibosho, nikitoka kumwona mama. Iliwaka kama sekunde moja, ikazima. Sasa najua kilichokuwa kinatokea: oili kidogo iliyobaki ilikuwa inakimbilia upande mmoja wa sampu kwenye kona, chujio linabaki wazi, pampu inavuta hewa. Mara ya kwanza nilisema ni waya. Mara ya pili nikasema barabara ina mashimo.

Mara ya tatu niliongeza sauti ya redio.

Sisemi hivyo kwa mfano. Niliinua mkono nikaongeza sauti.

## Mshukiwa wangu

Mtu mwenye hatia hatafuti dawa kwanza, anatafuta mwenzake wa kugawana naye. Mimi nilikuwa na mshukiwa kabla jua halijatua: oili feki.

Ofisini habari ilipokelewa vizuri mno. Kila mtu alikuwa na shemeji yake aliyeuziwa oili iliyotumika, ikachujwa na kurudishwa kwenye kopo zuri. Oili feki zipo, sibishi. Ndiyo maana mafundi waangalifu wakishamimina hulitoboa kopo wasije kulikuta tena dukani. Lakini oili yangu nilinunua duka lilelile kila mara, nilivunja lakiri kwa mkono wangu, na sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya kutamani iwe hivyo. Siku mbili nilitembea na kesi isiyo na shahidi.

Mshukiwa wa pili aliletwa na fundi wa gereji ya jirani, mtu wa maneno mengi, aliyekuja kuegemea gari langu bila kuitwa. "Tatizo mnaweka hizi maji-maji. 5W-30 ni ya Wajapani wenye theluji. Nchi ya joto hii weka 20W-50, moshi unakata leo."

Maneno haya yameenea kuanzia Himo mpaka Kisongo, na nusu yake ni kweli, ndiyo maana hayafi.

Ile herufi W ni ya majira ya baridi, kwa Kiingereza. Namba iliyo kabla yake inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inafika haraka juu kwenye kamshafti asubuhi unapowasha. Namba ya pili ni uzito wake wa kutiririka ikifika nyuzi joto 100. Kwenye vipimo vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya 30 katika joto hilo inakaa kati ya 9.3 na 12.5 (milimita za mraba kwa sekunde), ya 50 inakaa kati ya 16.3 na 21.9. Karibu mara mbili. Na injini ikishapata moto, themostati huilinda isipande sana wala kushuka sana, iwe Moshi au kwenye hiyo theluji. Ndani kule injini haijui kama uko Pasua au Sapporo.

Kwa hiyo joto la nchi ni hoja dhaifu kuliko inavyosikika. Injini yangu ina vijinjia vyembamba, ina VVT-i ambayo inageuza kamshafti kwa presha ya hiyohiyo oili, ina cheni ya taimingi inayokazwa nayo pia. Ukiiwekea uji, unachelewa kufika.

Nusu iliyo kweli ni hii: injini iliyochoka ikiwekewa oili nzito hupunguza moshi na kelele. Haiponi, inanyamaza. Wauza magari ya mkononi wanalijua hilo vizuri sana. Ukienda kukagua gari na injini iko kimya kupita umri wake, chomoa kipimio uone oili inadondoka au inaning'inia.

(Ndiyo, mimi ndiye ninayekufundisha kuchomoa kipimio.)

Fundi wangu alimsikiliza jirani yake mpaka mwisho, akaenda kuleta 5W-30.

## Kipande cha mti

Usiku nilianza kusoma. Nikakutana na Mwingereza mmoja, Beauchamp Tower, mhandisi wa karne ya 19, ambaye sasa namfikiria kama mtu ninayemfahamu.

Tower alikuwa amepewa kazi ya kupima msuguano kwenye beringi za aina ya zile za mabehewa ya treni. Ripoti yake ya kwanza ilitoka 1883. Kama ilivyokuwa desturi, alitoboa tundu juu ya beringi ili oili imiminwe kutokea hapo. Mashine ikawashwa, ekseli ikazunguka, na oili badala ya kushuka ikapanda. Ikafurika kutoka kwenye tundu. Akaziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akagongomea kipande cha mti, nacho kikatoka taratibu. Mwisho akafunga geji ya presha pale kwenye tundu, na mshale ukapanda mpaka ukapita namba zake zote.

Hakuna aliyekuwa anaisukuma oili ile. Ekseli yenyewe, kwa kuzunguka tu, ilikuwa inaivuta na kuibana kati yake na beringi mpaka beringi ikainuliwa nayo. Miaka mitatu baadaye, 1886, Osborne Reynolds akaandika hesabu zake. Chuma kilikuwa kinaelea.

Niliisoma sehemu ile mara tatu, kwa sababu miaka yote nilidhani oili inapaka vyuma kama mafuta ya mgando yanavyopaka ngozi kavu. Kumbe kwenye beringi nzima zenye oili ya kutosha, vyuma havigusani kabisa. Kati yao kuna utando mwembamba kuliko unywele, na huo utando ndio unaobeba mapigo yote ya pistoni. Pampu kazi yake ni kuleta oili mpya tu. Kunyanyua kunafanywa na mzunguko.

Sasa piga hesabu nami. Nikishuka Kibosho na gia ndogo ili injini ishike gari, mshale uko kama 3,000 kwa dakika. Gawanya kwa 60.

Mizunguko 50 kwa sekunde.

Ile sekunde moja ya taa, niliyoifunika kwa redio, krenki ilizunguka mara 50 ikisubiri oili. Mara tatu. Labda utando uliokuwepo ulivumilia, labda beringi moja ililamba chuma kidogo. Sijafungua injini, kwa hiyo hiyo labda ninalala nayo.

## Mlango wa dereva

Jirani yangu ni dereva wa utalii. Ofisi yao iko Arusha, wiki nyingi yuko Serengeti na Ngorongoro, akirudi anaonekana kama ametengenezwa kwa vumbi. Miaka ya nyuma alijifunza Kijapani akitegemea kupata wageni wa huko. Jumapili moja alikuja kunipa pole ya gari, kama tunavyopeana pole ya mgonjwa. Akafungua mlango wa dereva akainama.

"Hii karatasi umewahi kuisoma?"

Ni stika ndogo kwenye fremu ya mlango, karibu na bawaba, yenye maandishi ya Kijapani na namba zilizoandikwa kwa kalamu. Mguu wangu umepita mbele yake maelfu ya mara. Nilidhani ni mambo ya forodha.

Akasoma, polepole, kidole juu ya kila mstari. Kubadilisha oili. Mwaka wa 29 wa Heisei, mwezi wa tatu, yaani Machi 2017. Kilomita 81,340. Chini yake: mara ijayo. Kilomita 86,340.

"Halafu kuna mstari wa pili," akasema. "Au mwezi wa tisa. Kinachotangulia."

Nikaenda kufungua boneti. Kuna kadi ya fundi imefungwa kwa waya pembeni, nayo niliiheshimu sana. Ina mstari mmoja: kilomita za leo, kilomita za mara ijayo. Kila baada ya 5,000. Sikuwahi kuzipitisha, na nilijisifu kwa hilo mbele ya shemeji zangu.

Lakini mimi naishi Soweto, ofisi iko mjini, shule ya watoto iko katikati. Kilomita nne kwenda, nne kurudi. Ukiongeza na Kibosho, wiki yangu haifiki kilomita 80. Zile 5,000 zilikuwa zinanichukua mwaka na miezi minne. Kuna mara moja zilinichukua mwaka na nusu, na nakumbuka nilifurahi kuokoa hela. Nilidhani naionea injini huruma, haifanyi kazi nyingi.

Ni kinyume chake, na sababu yake ilinishangaza kuliko Tower. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Maji hasa, kwa umbo la mvuke. Mengi hutoka na ekzosti, ndiyo maana asubuhi bomba linadondosha. Lakini kiasi fulani hupenya kwenye ringi za pistoni, vile vipete vinavyoziba pengo kati ya pistoni na silinda, na kushuka kwenye oili, pamoja na petroli ambayo haikuungua na masizi. Injini ikikimbia masafa na kupata moto wa kutosha, maji na petroli hugeuka mvuke tena, vikavutwa na kuchomwa. Kilomita nne za kuanzia Soweto hazitoshi. Injini inaanza tu kuchangamka, nimefika, nimezima. Jioni hivyo hivyo. Kesho tena.

Mwaka na miezi minne wa hivyo, na oili ina kazi ya kubeba vyote. Dawa za kusafisha zilizomo ndani yake zinaisha, zile za kuzima asidi zinaisha, kinachobaki kinaanza kuganda. Fundi alinionyesha kifuniko cha kumiminia oili kwa ndani. Kilikuwa na utando mweusi mzito, kama ukoko ulioganda kwenye sufuria, isipokuwa huu ulinuka lami. Utando kama huo ukiingia kwenye ringi ya chini ya pistoni, ile yenye vitundu vya kurudisha oili, vitundu vinaziba. Oili inabaki ukutani mwa silinda, inapanda, inaungua. Anatokea kijana wa bodaboda, anakugongea kioo.

Wala weusi si kosa. Oili inayogeuka nyeusi mapema inaweza kuwa inafanya kazi yake ya kuosha. Kosa ni kuiacha na uchafu wake mpaka ichoke kuubeba.

Nilimuuliza jirani kuhusu gari lake la kazi, Land Cruiser yenye ile injini ya 1HZ ambayo watu wa Arusha wanaizungumzia kama mzee wa ukoo: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo. Vumbi analopita nalo mimi nisingethubutu, na vumbi ni mchanga. Likipita filta ya hewa linasugua silinda kama msasa. Akaniambia kila alfajiri, Karatu au popote walipolala, kabla wageni hawajanywa chai, anafungua boneti. Oili, maji, filta ya hewa.

Nikamwambia lazima analipenda sana.

"Nilipende? Kuna fomu ya ofisi. Usipojaza wanakukata."

Jibu hilo nililipenda kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia kuhusu utunzaji wa magari.

## Kijiko kimoja

Kulikuwa na uamuzi wa kufanya. Yule fundi jirani alikuwa ameshatoa hukumu: injini imekufa, weka ya mtumba, milioni moja na laki sita bila ufundi. Siku hiyo niliikubali hukumu hiyo moyoni kabisa. Ilikuwa na raha yake. Injini mpya ni kama kuanza daftari jipya, makosa yote yanabaki kwenye la zamani.

Fundi wangu akasema tupime kwanza. Akatoa plagi zote nne, akafunga geji ya kompresheni, ya kupima silinda inavyobana hewa, kwenye tundu moja baada ya jingine, mimi nikipiga stata. Tatu zilikaribiana. Silinda ya tatu ikabaki nyuma. Akachukua kijiko cha oili safi, akakimimina kwenye tundu la plagi ya silinda hiyo, akaniambia piga tena.

Mshale ukapanda.

Kama tatizo lingekuwa valvu, oili isingesaidia kitu, maana haifiki kuziba huko. Imepanda kwa sababu oili ilizunguka pistoni ikaziba pengo la ringi kwa muda. Kijiko kimoja kilinieleza zaidi ya wiki mbili za maneno ya ofisini. Ringi za silinda moja zimechoka au zimeganda, nyingine zinaishi.

Jioni nilimweleza mama watoto yote mawili, injini ya mtumba au kuvumilia na hii. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua uso.

"Baba, na hiyo ya milioni na laki sita, itakuwa na mtu wa kuichomolea hicho kijiti?"

Hatukununua.

## Daftari

Tulichofanya ni kidogo mno ukikiandika. Oili ya 5W-30, lita 3.7 na si kopo lote la lita nne, kwa sababu oili ikizidi krenki inaichapa mpaka inatoa povu, na povu halibebi chuma. Filta mpya, kwa kuwa filta ikiziba ina kivalvu kinachofunguka na kuruhusu oili ipite bila kuchujwa. Kwa injini, oili chafu ni afadhali kuliko ukavu. Na kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia: kijivalvu kidogo juu ya injini ambacho kinavuta ule mvuke wa chini na kuurudisha ukaungue. Kikiwa kizima, ukikitikisa sikioni kinalia. Changu kilikuwa kimya kabisa. Mvuke ulikosa njia, maji yangu ya kilomita nne yakabaki ndani.

Bei ya hicho kijivalvu sitaitaja, nitaonekana mjinga zaidi.

Fundi akanipa masharti mawili. La kwanza, mara moja kwa wiki nilitoe gari nje ya mji lipate moto wa kutosha. Basi kila Jumatano jioni naenda Boma Ng'ombe na kurudi, bila shughuli yoyote, nikinunua ndizi ili safari iwe na sababu. La pili, kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha, mahali tambarare, nichomoe kipimio.

Nimeweka daftari la shule kwenye droo ya gari. Jumamosi ya kwanza mkono ulinitetemeka kidogo, kama mtu anayefungua matokeo ya hospitali. Kilomita 600 za kwanza injini ilikula zaidi ya nusu lita. Kilomita 600 zilizofuata, robo lita. Fundi anasema ni kijivalvu. Jirani anasema ni Boma Ng'ombe. Mimi naona dawa za kusafisha kwenye oili mpya zimeanza kulegeza ringi, ingawa nina sababu zangu za kutaka kuamini hivyo. Silinda ya tatu hatujaipima tena. Naogopa.

Moshi bado upo, nikishuka mlima kisha nikakanyaga mafuta. Mwepesi zaidi. Mama mkwe wangu alikuwa nyuma yangu kwenye Noah wiki iliyopita na hakusema chochote, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Juzi nilirudi Majengo. Zilikuwa zimepita kilomita 1,200 tu tangu tuweke ile oili, na yule fundi wa maneno mengi alipoona tunaimwaga alishika kichwa. Ilitoka nyeusi, na ilitoka ndefu. Nilisali Baba Yetu yote na kuanza Salamu Maria. Nilipokuwa nasaidia kubeba dumu nikamwambia fundi kuhusu taa. Mara tatu, kona za Kibosho, sekunde moja moja. Na kwamba ule mwezi uliopita haukuwepo.

Hakusema kitu. Akamalizia kukaza nati, akajifuta mikono, akaikata kadi ya zamani kutoka kwenye waya wake na kuchukua mpya. Akaandika kilomita za leo. Akaandika kilomita za mara ijayo. Akaishikilia kalamu juu ya kadi kwa muda.

"Mangi," akasema, "leo tarehe ngapi?"